Upasuaji wa ligamenti ya goti nikiwa na miaka 46, na mto ulionichelewesha

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimesoma humu nyuzi kadhaa za vijana waliokatika ligamenti ya ACL, yaani utepe imara unaofunga mifupa ndani ya goti, wakicheza mpira, lakini sikuona hata mmoja wa mtu wa makamo, mwenye familia, kazi ya ofisini na shangazi wa kumuuguza, akieleza namna goti lake lilivyorudi. Huu ni mwezi wa 14 tangu nifanyiwe upasuaji, na ninaandika nikiwa bado nakumbuka vizuri nilipokosea.

Mimi ni mwanamke, mtumishi wa umma hapa Dodoma, na nimecheza netiboli tangu nikiwa sekondari. Jioni moja ya mwezi Agosti timu yetu ya ofisi ilikuwa ikijiandaa kwa michezo ya SHIMIWI, ile ya watumishi wa wizara na idara za serikali. Nilikuwa nacheza senta. Niliruka kudaka pasi ya juu, nikatua kwa mguu wa kushoto, na kwa kuwa sheria ya netiboli haimruhusu mwenye mpira kukimbia nao, nililazimika kusimama papo hapo huku kiwiliwili kikigeuka kumtafuta mfungaji. Wayo ulinata kwenye saruji, goti likaingia ndani, nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa. Hakuna mtu aliyenigusa. Baadaye nilielezwa kwamba ligamenti hii, ambayo kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele na usijipinde kupita kiasi, mara nyingi hukatika kwa namna hiyo hiyo, bila kugongwa, mtu anapotua au anapogeuka ghafla.

Kabla ya adhana ya Magharibi goti lilikuwa limevimba hadi pia ya goti haionekani. Uvimbe unaokuja haraka kiasi hicho, ndani ya saa chache, kwa kawaida ni damu iliyovuja ndani ya kiungo, na peke yake ni sababu ya kutosha ya kumwona daktari wa mifupa. Mimi sikujua. Mahali pa kwanza nilipokwenda walipiga picha ya eksirei, wakaniambia mfupa ni mzima, wakanipa dawa za maumivu. Walisema kweli, mfupa ulikuwa mzima, lakini eksirei haionyeshi ligamenti. Baada ya wiki tatu uvimbe ulipungua, nikawa natembea vizuri kwenye njia iliyonyooka, nikajihesabu nimepona. Kisha siku moja jikoni niligeuka kuchukua sufuria, goti likaponyoka chini yangu kana kwamba si langu, nikajikuta nimekaa sakafuni. Lilinifanyia hivyo mara tatu katika mwezi mmoja.

Daktari wa mifupa aliligundua tatizo kwa mikono yake kabla ya mashine. Alilikunja goti kidogo, akalishika paja kwa mkono mmoja na kuuvuta muundi mbele kwa mkono mwingine, akaona unakuja bila kizuizi. Kipimo cha MRI kilithibitisha kwamba ligamenti imekatika kabisa, na kwamba gegedu ya meniska, ile pedi iliyo kati ya mifupa ya goti, nayo imechanika upande wa ndani. Nilikwenda nikitarajia kuambiwa kwamba umri wangu umepita. Hakuugusa umri, aliniuliza goti huponyoka nikifanya nini, na ninataka kuutumia mguu huu kwa kazi gani. Ninawashauri wenzangu wa rika langu waende na jibu la swali hilo, kwa sababu uamuzi hutegemea zaidi kutotulia kwa goti, hali ya gegedu na maisha unayotaka kuishi kuliko tarehe iliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa.

Nilipewa wiki nane za mazoezi kabla ya upasuaji, jambo lililonishangaza. Goti linaloingia chumba cha upasuaji likiwa limevimba na halinyooki hutoka humo likiwa gumu zaidi, na paja linaloingia likiwa dhaifu hutoka dhaifu maradufu. Upasuaji wenyewe hauna mengi ya kusimulia: ganzi ya uti wa mgongo, kamera ndogo kupitia matundu, kano mbili kutoka nyuma ya paja langu zikakunjwa kuwa nyuzi nne na kupitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa katika mifupa ziwe kipandikizi, yaani ligamenti mpya, na meniska ikashonwa. Kwa sababu ya mishono hiyo ya meniska nilikatazwa kulikunja goti kupita pembe ya nyuzi 90 kwa wiki sita, na kuweka uzito wote juu ya mguu huo. Asiyeshonwa meniska huenda haraka zaidi, kwa hiyo msilinganishe wiki zangu na zenu.

Sasa nije kwenye mto.

Shangazi yangu alikuja kutoka Kondoa kuniuguza, na hakuna mtu aliyewahi kunitunza kwa upendo kama ule. Uji wa asubuhi ulinifuata kitandani, maji ya kuoga yalichotwa, na kila nilipolala aliweka mto laini chini ya goti ili lipumzike. Goti lililokunjwa kidogo juu ya mto haliumi, na ndiyo maana mtego huo ni mbaya. Nilikaa hivyo karibu wiki tatu, nikijisifu moyoni kwamba maumivu yamepungua. Nilipokwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo alinilaza chali, akapitisha kiganja chake kati ya goti na kitanda, kikapita bila kugusa chochote. Goti lilikuwa limebaki nyuzi kama 10 kabla ya kunyooka. Alipoambiwa habari za mto aliguna tu.

Alinieleza kitu ambacho ningependa kila anayefanyiwa upasuaji huu akisikie siku ya kwanza: kukunja goti karibu kila mtu hukupata mwishowe, lakini kunyoosha kukikosekana katika wiki za mwanzo, kovu hujijenga ndani mbele ya kiungo na huenda ukahitaji kurudishwa chumba cha upasuaji likaondolewe. Asiyeweza kunyoosha goti hutembea kwa kuchechemea, anayechechemea haitumii misuli ya mbele ya paja, na misuli hiyo tayari imelala, kwa kuwa kiungo kilichovimba huzuia amri ya ubongo isiifikie. Niliwahi kulikodolea macho paja langu nikiliamuru likaze, nalo likatulia kama paja la mtu mwingine.

Tangu siku hiyo mto ulihamia chini ya kisigino. Mara tano kwa siku nililala chali, kisigino juu ya taulo lililokunjwa, goti likining'inia bila kitu chini yake kwa dakika kumi, kisha nililala kifudifudi ukingoni mwa kitanda, muundi ukining'inia nje ili uzito wake ulivute goti. Inauma, tena uchungu wa polepole unaokera. Shangazi alikuwa akitoka chumbani. Ilinichukua wiki tano kurudisha nyuzi zile 10, wiki ambazo ningezitumia kwa kazi nyingine.

Hili ndilo jambo nililokusudia kulisema katika uzi huu. Kijana akivunjika michezoni huwa na kocha anayemsumbua. Mtu wa makamo huwa na jamaa wanaompa pole, na pole zao zote humwelekeza kukaa: "Usiamke, mama, tutakuletea", "Umri huu mpira wa nini tena?" Lakini misuli ya mtu wa miaka 46 hupungua haraka ikikaa bure na hurudi polepole kuliko ya kijana wa miaka 20, kwa hiyo anayehitaji kuamshwa kitandani zaidi ni sisi.

Nitaendelea chini kwa maswali.

Mdau kutoka Tanga

Dada, pole sana na hongera kwa kuandika kwa kina. Mume wangu, ana miaka 49, amepangiwa upasuaji huo mwezi ujao. Nina maswali mawili ambayo nimeona haya kumuuliza daktari. Nyumbani tuna choo cha kuchuchumaa; je, atafanyaje? Na je, ataweza kusujudu tena?

Mleta mada

Dada yangu, hayo ndiyo maswali ya kumuuliza daktari kabla ya mengine yote, wala usiyaonee haya.

Kuhusu choo, mimi nilitoboa kiti cha plastiki katikati, nikakiweka juu ya tundu, na fundi akapigilia kipande cha bomba ukutani cha kushikilia. Hakikisheni miguu ya kiti haitelezi kwenye sakafu iliyolowa, maana kuanguka chooni na kipandikizi kipya ni balaa. Kuchuchumaa kikamilifu nilikurudia baada ya miezi sita, kwa ruhusa ya mtaalamu wangu.

Kuhusu sijda, nilisali nikiwa nimekaa kitini kwa miezi kadhaa, na mwezi wa saba nikarudi kwenye mswala. Muhimu zaidi ni hili: mume wako amweleze daktari mapema kwamba hupiga magoti kila siku. Kipandikizi kinaweza kuchukuliwa kwenye kano za nyuma ya paja, kama changu, au kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti pamoja na vipande vya mfupa, au kwenye kano iliyo juu yake. Kila njia ina sifa zake, lakini ile ya chini ya pia ya goti inajulikana kwa kuacha maumivu zaidi wakati wa kupiga magoti. Mwislamu anayesali, fundi wa vigae na mama anayepalilia bustani wana haki ya kulitaja hilo kabla ya kisu. Daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuchagua njia hiyo hata hivyo, ila aichague akijua.

Na kwa usafiri, daladala isahauni mwanzoni. Bajaji ina siti ndefu ya nyuma, unakaa kwa ubavu na kuunyoosha mguu wote.

Mdau kutoka Moshi

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Nina miaka 51, ni mkimbiaji, na ligamenti yangu ilikatika miaka minne iliyopita nilipoteleza kwenye njia ya mlimani. Sikufanyiwa upasuaji. Nilifanya mazoezi ya nguvu kwa miezi sita chini ya mtaalamu, goti halikuponyoka tena, na leo nakimbia barabarani na kuendesha baiskeli. Kuna utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010, uliowagawa watu 121 katika makundi mawili: waliopasuliwa mapema na walioanza na mazoezi, upasuaji ukiwekwa akiba kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka miwili makundi hayo hayakutofautiana kwa namna walivyoyaona magoti yao. Nasema haya kwa sababu humu watu wanaweza kudhani kwamba ligamenti ikikatika, kisu ni lazima.

Mleta mada

Kaka, ninakushukuru, na sina ubishi na goti lako. Nitaongeza mambo mawili tu. Waliohusishwa katika utafiti huo walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 35, kwa hiyo mimi na wewe hatukuwemo, na walipofuatiliwa hadi mwaka wa tano karibu nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa wameomba upasuaji. Ninavyouelewa, unamruhusu mtu kuanza na mazoezi bila hofu, kisha alisikilize goti lake. Wewe unakimbia mbele, njia iliyonyooka, na ligamenti hii haihitajiki sana huko. Mimi nilitaka kurudi kwenye mchezo wa kuruka, kusimama na kugeuka, na goti langu lilikuwa likiponyoka hata jikoni. Kila lilipoponyoka lilikuwa likiichana meniska zaidi. Tungebadilishana michezo, huenda tungebadilishana na maamuzi.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Mwanza

Mleta mada ameeleza vizuri suala la kunyoosha goti. Ninaomba kuongeza mambo ya usalama ambayo ndugu wauguzaji hawaambiwi.

La kwanza ni kuchua. Mgonjwa akilalamika kwamba kigimbi kinauma, kimevimba na kina joto, asipakwe mafuta ya nyonyo na kuchuliwa. Baada ya upasuaji wa mguu damu inaweza kuganda ndani ya mshipa wa kigimbi, na donge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na akipata pumzi fupi au maumivu ya kifua apelekwe saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa homa pamoja na kidonda kinachotoa usaha, au goti linalozidi kuuma na kuvimba badala ya kupungua. Kuchezesha kifundo cha mguu juu na chini kila saa akiwa macho ni kinga rahisi, naye anaweza kuanza siku ya kwanza.

La pili ni barafu. Iviringishwe kwenye kitambaa na ikae dakika 15 hadi 20, kwa sababu ngozi iliyo karibu na mishono mara nyingi haihisi vizuri na inaweza kuungua kwa baridi bila mgonjwa kujua.

La tatu ni ngazi. Akiwa na magongo, wakati wa kupanda mguu mzima hutangulia, na wakati wa kushuka magongo na mguu mgonjwa hutangulia.

Kijana wa Ilala

Shikamoo mama. Zlatan Ibrahimović alifanyiwa upasuaji wa goti mwezi Mei 2022 akiwa na miaka 40, na Februari 2023 alikuwa uwanjani na AC Milan. Mjomba wangu ana miaka 43, anacheza timu ya maveterani, yuko mwezi wa nne tangu upasuaji na anatembea bila maumivu yoyote. Anasema bonanza la mwezi ujao halimpiti. Je, kuna ubaya?

Mleta mada

Marahaba, mwanangu. Upo ubaya, na mimi nusura niuonje. Wiki ya kumi goti halikuwa likiuma hata kidogo, nikaona daladala inaondoka kituoni, mwili ukaanza kukimbia kabla akili haijauliza. Nilikumbuka hatua ya tatu, nikasimama, daladala ikaondoka.

Kano iliyopandikizwa haifiki ikiwa ligamenti. Ikishawekwa hukosa damu, chembe zake nyingi hufa, kisha mishipa mipya huingia na mwili huijenga upya polepole, kazi inayopita mwaka. Katika miezi ile ya mwanzo ya ujenzi huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa siku ya upasuaji, na huo ndio wakati ambao maumivu yamekwisha na mtu anajiona mzima. Mjomba wako anapimwa na maumivu, na maumivu hayajui chochote kuhusu kipandikizi.

Kuhusu Zlatan, hesabu miezi: ni tisa. Na katika miezi hiyo tisa goti lile ndilo lilikuwa ajira yake, wakati mimi nilikuwa nafanya mazoezi saa kumi na moja alfajiri kabla ya kuwaandaa watoto.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Mwanza

Ninaunga mkono, na takwimu zipo. Utafiti uliofanywa Oslo na Delaware, ukachapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia watu 106 waliofanyiwa upasuaji huu. Kila mwezi ambao mtu aliahirisha kurudi kwenye mchezo wa kugeuka, hadi mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia upya kwa asilimia 51. Baada ya miezi tisa kinachoamua ni nguvu. Mguu uliopasuliwa unatakiwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake kwa nguvu za paja na kwa umbali wa kuruka kwa mguu mmoja. Kwa watu wa makamo ninaongeza tahadhari: mguu mzima nao hudhoofika wakati wa kuuguza, kwa hiyo kulingana na mwenzake dhaifu si ushindi. Tupime miguu yote miwili kabla ya upasuaji inapowezekana.

Mdau kutoka Moshi

Dada, vifaa ulipata wapi? Si kila mtu ana ukumbi wa mazoezi jirani.

Mleta mada

Sikuwa nao. Nilishona mifuko ya kitambaa cha jinzi, nikaijaza mchanga na kuipima dukani: kilo moja, kilo mbili, hatimaye kilo tano. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ulikuwa kamba yangu ya kuvuta, ukifungwa kwenye mguu wa meza. Ngazi za ofisini zilikuwa mashine yangu: kupanda daraja moja kwa mguu ule, kushuka kwa kuhesabu hadi tano, bila kuliachia goti liingie ndani. Kilichonigharimu ni kumfuata mtaalamu, mara mbili kwa wiki mwanzoni, baadaye mara moja kwa mwezi, kwani mazoezi ya misuli ya nyuma ya paja, mahali palipokatwa kano, yana wakati wake na mtu akiyaharakisha kwa kubahatisha anaweza kujichana upya.

Mwezi wa tano niliruhusiwa kukimbia taratibu kwenye uwanja wa nyasi, dakika moja kukimbia na mbili kutembea. Mwezi wa tisa nilipimwa kuruka kwa mguu mmoja nikapata asilimia 78. Nililia ndani ya bajaji, siwafichi. Mwezi wa 12 nilipata 93.

Mdau kutoka Tanga

Kwa hiyo umerudi uwanjani, dada? Na shangazi anasemaje?

Mleta mada

Nimerudi nusu. Ninacheza robo mbili kati ya nne, na nimehama kutoka senta kwenda ulinzi wa goli, ambako mbio ni fupi. Kwenye saruji iliyolowa sichezi, hata nahodha akinuna. Kabla ya mechi ninafanya dakika 20 za kutua kwa miguu miwili, goti likielekea kidole cha pili cha mguu, na wachezaji wenzangu wenye miaka 25 wameanza kufanya nami baada ya kunicheka kwa wiki mbili.

Shangazi alirudi Kondoa mwezi wa tatu. Alipopiga simu wiki iliyopita aliniambia kwamba jirani yake amepasuliwa goti, naye amekwenda kumjulia hali, akauona mto chini ya goti lake, akauondoa mwenyewe na kuusogeza kwenye kisigino. Jirani alikasirika. Nimemwomba ampe namba yangu.